Kilichomo Kwenye Punje na Kinachomfikia Mnyama

Ndugu wafugaji, ndugu wachanganyaji wa chakula cha mifugo, mabwana na mabibi shamba, na nyinyi vijana mnaosimamia mashine za kusaga mitaani: wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Kuna bakuli la mahindi linapita kati yenu. Kila mmoja achukue punje moja. Zimelowekwa tangu jana jioni, kwa hiyo kisu kitapita bila taabu. Ipasue kwa urefu, kuanzia kwenye ncha iliyoshika gunzi.

Kwa nje mnaona ganda jembamba. Chini ya ganda kuna utando mwembamba zaidi ambao jicho halioni vizuri. Wataalamu wanauita aleuroni. Upande wa ncha kuna kiini, kile kipande cheupe chenye mafuta, ambacho ukikibana kwa ukucha kinaacha alama ya unyevunyevu. Sehemu yote iliyobaki, ngumu pembeni na laini katikati, ni wanga. Vitamini za kundi B hazijasambaa sawasawa ndani ya punje hii. Thiamini, ambayo ni B1, imejaa kwenye kiini. Niasini, B3, imejaa kwenye aleuroni. Wanga una kidogo sana. Ndiyo maana anayekula dona na anayekula sembe hawali chakula kimoja, na ndiyo maana kuku na nguruwe wetu, ambao wanapata pumba tunazoziondoa, kwa upande wa vitamini hizi wanaonekana kupewa fungu nono kuliko sisi wenyewe.

Nimesema wanaonekana, na hapo ndipo penye shughuli. Jedwali la virutubisho linatuambia kilichomo kwenye punje. Halituambii utumbo wa kuku unaweza kukitoa kiasi gani. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo, na pengo hilo ndilo linalolemaza vifaranga, linalopasua kwato za nguruwe na linaloua viinitete ndani ya mayai.

Tuanze na niasini ya mahindi. Jedwali litakwambia kilo moja ya mahindi ina takriban miligramu 24. Kifaranga wa nyama anahitaji takriban miligramu 35 kwa kila kilo ya chakula. Mtu anapiga hesabu haraka: mahindi yameshaleta zaidi ya nusu, mashudu yatamalizia. Hesabu hiyo haisimami. Niasini ya nafaka imefungwa kwenye sukari ndefu na vipande vya protini, na vimeng'enya vya tumboni havina ufunguo wa kufuli hilo. Kwa kuku, majaribio yameonyesha kwamba inayopatikana kutoka kwenye mahindi ni karibu asilimia 30. Kwa nguruwe, wanaopanga viwango wanaihesabu kuwa sifuri. Ngano, shayiri na mtama nazo zina niasini iliyofungwa kwa sehemu kubwa. Ya soya iko huru, na unaweza kuihesabu karibu yote.

Mnyama ana njia nyingine: mwili wake unaweza kutengeneza niasini kutoka kwa triptofani, moja ya vijenzi vya protini. Lakini njia hiyo ina ushuru mkubwa. Kuku na nguruwe wanahitaji takriban miligramu 45 hadi 50 za triptofani ya ziada, yaani iliyobaki baada ya mwili kujijenga, ili kupata miligramu moja tu ya niasini. Na mahindi ndiyo nafaka maskini kabisa kwa triptofani. Yana takriban asilimia 0.06. Kwa hiyo nguruwe anayelishwa pumba za mahindi na maji ya kuoshea vyombo, bila mashudu wala dagaa, amefungiwa milango yote miwili. Utamwona anaharisha, ngozi inakakamaa na kutoa magamba, hamu ya kula inapotea. Mwenye banda anampa dawa ya minyoo mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Minyoo inaweza kuwepo, lakini utumbo mpana wa nguruwe huyo una vidonda ambavyo dawa ya minyoo haiviponyi.

Wenyeji wa Meksiko waligundua ufunguo wa kufuli hili karne nyingi kabla ya kuwepo maabara: wanachemsha mahindi kwenye maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na chokaa inafungua niasini. Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama tufanye hivyo kwa mifugo. Ushauri wangu ni hapana. Kuni, maji na kazi ya kukausha vinagharimu kuliko niasini yenyewe, ambayo ni miongoni mwa vitamini za bei nafuu kwenye premiksi, ule unga wa vitamini wa dukani unaochanganywa kwenye chakula. Na maji ya chokaa yanaharibu thiamini. Unafungua mlango mmoja na kubomoa mwingine.

Wafugaji wa bata, nanyi nina neno lenu. Bata hutengeneza niasini kutoka kwa triptofani kwa shida kuliko kuku, na mahitaji yake yamewekwa kwenye miligramu 55 kwa kilo ya chakula. Kifaranga wa bata akilishwa chakula cha kuku wa nyama kilichotengenezwa kwa kubana gharama, miguu yake inapinda kama upinde, viungo vinavimba, na mwisho anatembea kwa kupiga makalio chini. Kilo 5 za chachu kavu ya pombe kwenye kila kilo 100 za chakula zinaongeza takriban miligramu 22 kwa kilo. Hiyo inatosha kuziba pengo kwa wengi.

Sasa niwarudishe nyuma kidogo, maana elimu hii yote ilianzia kwenye banda la kuku. Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman alikuwa Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, akitafuta kiini cha beriberi, ugonjwa unaoharibu neva za watu. Kuku wake wa majaribio wakaanza kuyumba, wakapooza miguu, wakakunja shingo. Baadaye wakapona wenyewe. Ilipofuatiliwa ikaonekana kwamba walikuwa wamelishwa wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, na walipona pale mpishi mpya alipokataa kuwapa kuku mchele wa jeshi, wakarudishiwa usiokobolewa. Eijkman mwanzoni alidhani wali mweupe una sumu na pumba ina dawa yake. Mwenzake Gerrit Grijns, mwaka 1901, ndiye aliyesema sawasawa: kwenye pumba kuna kitu ambacho mwili hauwezi kukikosa. Kitu hicho ni thiamini. Eijkman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Pumba laini za mpunga hadi leo ni ghala la thiamini, takriban miligramu 22 kwa kilo, dhidi ya 3 au 4 za mahindi. Kwa hiyo thiamini haina sababu ya kupungua kwenye chakula cha nafaka. Ikipungua, kuna aliyeiharibu njiani, na huyo nitamtaja baadaye. Ila pumba za mpunga zina mafuta mengi, na mafuta hayo huchacha ndani ya wiki chache kwenye joto letu. Mafuta yaliyochacha huharibu biotini na vitamini E. Zinunue mpya, zinuse, zishike mkononi: pumba nzuri inashikana ukiifumbata, ikikuchoma kiganja kama mchanga wa makapi, umeuziwa makapi ya kusaga.

Biotini ndiyo vitamini inayowakosesha hesabu hata wachanganyaji wazoefu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Chukueni chakula cha vifaranga cha kilo 100 chenye mahindi kilo 58, mashudu ya soya kilo 20, mashudu ya alizeti kilo 10, dagaa kilo 6, na zilizobaki ni chokaa, mifupa, chumvi na vitu vingine. Kwa jedwali, mahindi yana biotini miligramu 0.06 kwa kilo, soya 0.27, alizeti 1.4. Dagaa tuwaache pembeni. Mahindi yanaleta miligramu 3.5, soya 5.4, alizeti 14. Jumla ni karibu miligramu 23 kwa kilo 100, yaani 0.23 kwa kilo. Kifaranga anahitaji 0.15. Mtu anafunga daftari akiwa ameridhika.

Sasa tuweke upatikanaji. Biotini ya mahindi na ya soya hupatikana karibu yote. Ya alizeti ni karibu theluthi moja. Zile 14 zinakuwa 5 hivi. Jumla ya kweli ni takriban miligramu 14, yaani 0.14 kwa kilo. Mnyama yuko ukingoni.

Bei ya mahindi ikapanda, ukapata ngano iliyovunjika kwa bei nzuri, ukaweka ngano kilo 58 mahali pa mahindi. Jedwali linasema ngano ina 0.11, karibu mara mbili ya mahindi. Kwenye karatasi umepanda hadi 0.26 kwa kilo. Lakini biotini ya ngano kwa kuku hupatikana kwa kiasi kidogo mno. Majaribio mengi yanaonyesha kati ya sifuri na asilimia 5, machache yanafika juu kidogo ya hapo. Kwa asilimia 5, ile 6.4 ya ngano inabaki 0.3. Jumla ya kweli inashuka hadi karibu 0.11 kwa kilo. Karatasi imepanda, kuku ameshuka.

Mambo haya yaliwafika Waingereza na Waaustralia kwenye miaka ya 1960 na 1970, kwenye mashamba ya kuku wa nyama wanaolishwa ngano. Vifaranga wenye afya ya kuonekana, wenye umri wa wiki tatu au nne, walikuwa wanalala ghafla na kufa, na wakipasuliwa, ini na figo zimejaa mafuta na kupauka. Walitafuta virusi, wakatafuta sumu. Ikaja kuonekana ni biotini. Dawa ilikuwa chembe za biotini kwenye premiksi.

Kwenye mabanda yetu dalili ya kawaida si kufa ghafla. Ni nyayo. Mgeuze kifaranga chini juu: ngozi ya unyayo inakakamaa, inapasuka, inatoa damu, kisha pembe za mdomo na kope. Nguruwe jike anapasuka kwato kwa ubavuni, anachechemea, anakataa kusimama kula. Kabla hujalaumu vitamini, angalia maranda. Maranda yaliyolowa nayo huunguza nyayo. Tofauti ni kwamba maranda huunguza kuku waliolala penye unyevu, na biotini huwapata hata walio pakavu.

Kwa mtama na shayiri, biotini iko katikati: kwa shayiri ni karibu asilimia 10 hadi 20, kwa mtama ni juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo wenzetu wa Dodoma, Singida na Kitui mnaochanganya kwa mtama, msihamishe kipimo cha premiksi cha mahindi kama kilivyo bila kumuuliza aliyeitengeneza biotini ni kiasi gani. Ulizeni pia juu ya asidi pantotheniki, yaani B5. Ya mahindi na soya hupatikana yote, ya mtama, ngano na shayiri karibu asilimia 60. Lakini mtama una takriban miligramu 12 kwa kilo, mahindi 6, kwa hiyo hata baada ya makato mtama haushindwi na mahindi. Upungufu wa asidi hii ni ule wa nguruwe anayetembea akiinua miguu ya nyuma juu kama askari wa gwaride, na wa kifaranga ambaye kope zinagandana na pembe za mdomo zinaota gamba.

Pairidoksini, B6, sitaikalia. Kwa kifaranga, ya mahindi hupatikana takriban asilimia 40, ya soya 60, na mchanganyiko wa kawaida unatosheleza. B12 ni fupi zaidi: haimo kwenye nafaka yoyote wala mashudu yoyote. Inatoka kwa vijidudu na kwa vyakula vya asili ya wanyama. Ukiondoa dagaa kwa sababu ya bei, au ukinunua dagaa waliojaa mchanga, umeondoa B12, na lazima premiksi iilete.

Raiboflavini, yaani B2, ndiyo ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu nafaka ni maskini kwayo na hakuna njia ya mwili kuitengeneza. Kwa chakula kile kile cha kilo 100: mahindi yana miligramu 1.2 kwa kilo, yanaleta karibu 70. Soya yenye 3 inaleta 60. Alizeti 30. Dagaa, tuseme 6 kwa kilo, wanaleta 36. Jumla ni 196, yaani karibu 2 kwa kilo. Kifaranga wa nyama anahitaji 3.6. Hata kwenye karatasi haitoshi. Ile ya mimea ukiihesabu kwa asilimia 60 tu, ambacho ndicho kiwango cha upatikanaji kilichoonekana kwenye mchanganyiko wa mahindi na soya, unabaki na 1.3 kwa kilo. Pengo ni miligramu 2.3 kwa kilo, na kwa kilo 100 ni miligramu 230.

Miligramu 230 ni chini ya robo gramu. Chukueni chumvi kwa ncha ya kisu, ndiyo hiyo. Robo gramu kwenye gunia zima la kilo 100, ikikosekana, vifaranga wanakaa kwa visigino. Ndiyo maana nakereka ninaposikia premiksi inaitwa mapambo, au kwamba nusu kipimo kinatosha. Vyakula vyote vya banda lako vinaweza kukadiriwa ukakosea kidogo ukasameheka. Hiki hakisamehe.

Kwa hiyo tuzungumze namna ya kuchanganya. Premiksi nyingi za madukani zimepangwa kwa kilo 2.5 au kilo 5 kwa tani. Soma mfuko, usibebe kipimo cha mfuko wa jana. Kwa ile ya kilo 2.5, gunia la kilo 100 linapata gramu 250. Pima kwa mizani ndogo ya dijitali, si kwa kijiko, si kwa kopo la maziwa, maana ujazo wa unga mmoja haulingani na wa mwingine. Zile gramu 250 changanya kwanza na kilo moja ya mahindi yaliyosagwa laini, kwenye beseni kavu, mpaka rangi iwe moja. Kisha ongeza kilo 4, changanya. Kisha kilo 15 hadi 20. Hapo ndipo mwaga juu ya rundo kubwa kwenye sakafu safi ya saruji, mkapindue kwa koleo: rundo lihame kutoka upande mmoja kwenda mwingine mara nne, na kila koleo limwagwe kwenye kilele ili litiririke pande zote. Mkitumia mashine ya kusimama, premiksi isiingie kwanza ikagandamana chini, wala isiingie mwisho ikabaki juu. Ingizeni nusu ya mahindi, kisha mchanganyiko wa awali, kisha mengine.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kumwaga premiksi moja kwa moja kwenye rundo la chokaa na chumvi kwa sababu vyote ni "vitu vidogo". Chumvi inavuta unyevu, chokaa ni kali, na thiamini haipatani nayo. Kolini nayo, kirutubisho kingine kinachoongezwa kwenye chakula, ile chumvi yake inayouzwa kama unga, inavuta unyevu kama chumvi ya baharini na kuwaharibu majirani zake. Ichanganye kando, iingie kwenye rundo peke yake. Premiksi iliyokwisha kuwa na madini na kolini ndani yake isikae zaidi ya miezi mitatu baada ya kutengenezwa. Ile ya vitamini tupu miezi sita, mahali penye kivuli, pakavu, mfuko umefungwa. Si dirishani, si juu ya bati la stoo. Raiboflavini haiogopi joto sana, lakini mwanga unaiua. Thiamini haiogopi mwanga sana, lakini joto na unyevu vinaiua. Chakula kilichochanganywa kiliwe ndani ya wiki tatu hadi nne.

Wanaouliza kama kuna mbadala wa premiksi nawajibu: kuna msaada, mbadala kamili hakuna. Machicha ya pombe mabichi, kimea, majani mabichi ya lusina na mchicha vinaongeza raiboflavini. Kuku wanaozurura na kuchakura samadi hujipatia raiboflavini na B12 kutoka kwa vijidudu, na kuku kwenye maranda ya zamani yaliyo makavu hupata sehemu. Siku unapowahamishia kwenye kizimba cha waya, msaada huo unakatika siku hiyo hiyo, na chakula kilichokuwa kinatosha jana kinaacha kutosha. Sungura tofauti: yeye hula kinyesi chake laini cha usiku, na hivyo hurudisha vitamini zilizotengenezwa kwenye utumbo wake mpana. Msimzuie wala msimwonee kinyaa.

Ng'ombe, mbuzi na kondoo wamejaaliwa kiwanda kizima tumboni. Vijidudu vya tumbo kubwa hutengeneza vitamini B zote, na ng'ombe mzima hahitaji premiksi ya B. Mipaka ni mitatu. Ndama wa chini ya wiki sita hadi nane hana bado kiwanda hicho. Maziwa ndiyo yanayompa. Mpaka wa pili ni kobalti, maana B12 haitengenezwi bila kobalti, na ng'ombe anahitaji karibu miligramu 0.1 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kule Kenya, kwenye sehemu za Bonde la Ufa kuzunguka Nakuru, ng'ombe walikuwa wanakonda, wanapungukiwa damu na kufa wakiwa wamesimama kwenye majani mabichi, na wakati wa ukoloni ugonjwa ulipewa jina la mji wenyewe. Udongo ule wenye asili ya volkano ulikuwa umepungukiwa kobalti. Jiwe la chumvi lenye kobalti linamaliza shida hiyo, na dawa ya minyoo hailimalizi jambo hilo hata kidogo. Mpaka wa tatu ni kunenepesha kwa haraka. Ukimlisha dume nafaka nyingi na molasi ghafla bila majani ya kutosha, tumbo linageuka tindikali, vijidudu vinavyovunja thiamini vinatawala, na salfa ya molasi inaongeza madhara yake kwenye ubongo. Ng'ombe anakuwa kipofu, anasukuma ukuta kwa paji la uso. Hapo ni kumwita daktari wa mifugo siku hiyo hiyo kwa sindano ya thiamini, kiasi cha miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito kwa mara moja, ikirudiwa. Kesho yake ubongo umeshaharibika.

Nirudi kwa vifaranga, maana dalili hufanana na magonjwa ya kuambukiza na fedha nyingi hupotelea hapo. Kifaranga aliyekosa raiboflavini ana umri wa siku kumi hadi wiki tatu. Vidole vya miguu yote miwili vimejikunja kwa ndani kama ngumi, anatembea kwa visigino, lakini macho yake ni maangavu na anakula ukimpelekea. Wa mahepe, ugonjwa wa virusi unaopooza miguu, kwa kawaida ni mkubwa zaidi, na mguu mmoja huenda mbele na mwingine nyuma. Aliyekosa thiamini anakaa juu ya miguu yake na kichwa kimerudi mgongoni, anatazama angani. Wa kideri shingo imepinda kwa pembeni, na karibu naye kuna wengine wanakoroma na kuharisha kijani. Ukimpa thiamini kwa sindano yule aliyeikosa, ndani ya saa chache ananyanyua kichwa. Wa kideri habadiliki.

Na sasa yule mharibifu wa thiamini niliyewaahidi. Ni dawa ya kuhara damu iitwayo amproliamu. Inafanya kazi kwa sababu umbo lake linafanana na thiamini: kijidudu cha kuhara damu kinaipokea kwa kudhani ni vitamini, na kinakufa kwa njaa ya thiamini. Ukiweka kwenye maji hayo hayo kile kifuko cha multivitamini ili "kuwapa kuku nguvu", umekipelekea kijidudu chakula halisi. Kuhara damu hakuishi, mwenye banda anaongeza dawa maradufu, na sasa kifaranga mwenyewe anapungukiwa thiamini. Toa dawa peke yake kwa siku 5 hadi 7 kama mfuko unavyoelekeza, maliza, osha vinyweshea, ndipo vitamini zifuate kwa siku 3 hadi 5.

Kwa wale wa vidole vilivyokunjika: raiboflavini mdomoni, mikrogramu 100 kwa kifaranga kwa siku mbili mfululizo, pamoja na kurekebisha chakula cha wote. Walioanza juzi watanyoosha vidole. Walioanza wiki mbili zilizopita neva imekwisha kuharibika, hao hawatanyooka.

Wenye kuku wazazi na mashine za kutotolesha, ninyi mtaiona raiboflavini kabla ya kifaranga kuzaliwa. Kuku wa mayai ya kula anatosheka na miligramu 2.5 kwa kilo ya chakula. Kuku mzazi anahitaji 3.6, maana sehemu yake inaingia kwenye yai. Ukimlisha mzazi chakula cha mayai ya kula, anaendelea kutaga vizuri na huoni kosa, lakini ndani ya wiki mbili utotoaji unashuka. Pasua mayai yasiyototolewa: viinitete vimedumaa, vimevimba, na manyoya yamejiviringisha ncha kama virungu vidogo kwa sababu hayakuweza kuchomoka kwenye vishimo vyake. Na kabla hujafika huko, vunja yai bichi la leo kwenye sahani nyeupe, karibu na dirisha, utazame ute wake. Ute wa kuku aliyeshiba raiboflavini una kivuli cha manjano kinachoelekea ukijani. Ukiwa mweupe kama maji ya bomba, nenda stoo ukatazame tarehe ya mfuko wa premiksi.